Mkeka Usiokauka

Siku Yuliana alipopelekwa kutambulishwa kwao Laurenti, alivaa viatu vya visigino. Msimcheke. Mtu aliyependa hukumbuka kujipodoa uso akasahau kuuliza njia ikoje. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani wa soko la Morogoro, mrefu kama baba yake, na kazi yake ilikuwa kupunguza na kuongeza nguo za mitumba, zile ambazo watu bado waliziita kafa Ulaya, zilizokuwa zikimiminika kwa marobota tangu biashara ilipofunguliwa. Laurenti naye ufunguzi huo ulimtoa. Kabichi na njegere za Mgeta alizokuwa akizipeleka Dar zilimpatia pikapu, na pikapu ndiyo iliyowafikisha Nyandira asubuhi ile. Kutoka Nyandira kwenda juu ilikuwa miguu tu.

"Vua hivyo viatu, Yuli."

"Nifike kwenu peku? Bibi yako aseme umeniokota?"

"Ukiteguka mguu atasema nimemletea kiwete. Vua, mpenzi. Nitakubebea."

Akavua. Laurenti akavining'iniza viatu vidoleni, na mkono wa pili akampa yeye. Walipanda hivyo, katikati ya matuta ya mboga, ukungu ukiwashukia taratibu kutoka mlimani. Mara kwa mara Laurenti aligeuka kumtazama, akatabasamu bila kusema kitu, na Yuliana akainamisha uso kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana. Lau angeambiwa safari ni ya siku tatu, asingelalamika.

Mambo yaliharibika mtoni.

Daraja lenyewe lilikuwa gogo moja lililolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mto mzima ulikuwa ukinguruma, juu na chini, isipokuwa pale chini ya gogo. Pale palikuwa na kidimbwi, maji meusi, yametulia tuli. Laurenti aliuachia mkono wa Yuliana. Akapiga ishara ya msalaba, akavuka bila kutazama chini, na alipofika ng'ambo uso ulikuwa umembadilika.

"Una nini?" Yuliana alimuuliza alipomfikia.

"Sina kitu."

"Laurenti, mimi si mtoto."

Kijana akakaa juu ya jiwe, viatu vya mchumba wake mapajani. "Kuna jambo nimechelewa kukuambia."

"Una mke."

"Sina mke! Hebu nisikilize, Yuli." Akameza mate. "Nilikuwa na mchumba. Martina. Binti wa mjomba Dominiko."

"Binamu yako?"

"Huku kwetu si ajabu. Padri ndiye alihangaika, sisi tulishakubaliana. Ilibaki wiki moja tufunge ndoa. Bibi Veronika alikuwa anamsukia mkeka wa harusi, ukindu ukapungua, Martina akashuka hapa kuukata." Akaonyesha kwa midomo jiwe pana lililokuwa pembeni ya kidimbwi. "Tulikuta mzigo wa ukindu umefungwa vizuri, kisu juu yake, kanga yake imekunjwa pembeni. Yeye hatukumkuta. Tulitafuta siku tisa. Sasa ni mwaka wa tatu."

Yuliana aliyatazama yale maji. "Pole," alisema, na pole ile ilitoka moyoni. Halafu wivu ukamchoma ghafla, akaona aibu kumwonea wivu mtu aliyekwisha kufa. "Na matanga mliyaweka lini?"

"Hatukuyaweka. Bibi alikataa. Alisema halii mtu ambaye hajamwona. Na Bibi asipolia, nani atangulie? Hata Mjomba hajamlilia mwanawe mpaka leo."

"Sasa hilo lilikushinda nini kuniambia kule Mafiga, tumekaa kwa shangazi yangu tunakunywa chai?"

"Ni kwa sababu ya zawadi." Sauti ya Laurenti ilikuwa imeshuka. "Ule mkeka Bibi aliumalizia. Kwa ukindu uleule tuliouokota hapa. Leo atakupa wewe."

Yuliana alitazama miguu yake. Tope la ukingoni lilikuwa la baridi, likimpanda katikati ya vidole vya miguu.

"Mimi. Nipewe mkeka wa harusi wa marehemu."

"Upokee tu, mpenzi. Useme asante. Tukishuka tutautia darini, hutauona tena maisha."

"Nisiupokee je?"

"Mjomba hatakwenda Turiani."

Hapo ndipo msichana alipoona jinsi alivyobanwa. Kwa Waluguru mwanamume asiyesimamiwa na mjomba wake hana wa kumsemea. Na baba yake Yuliana, mzee Severin wa kiwanda cha sukari kule Turiani, alikuwa ameshatoa neno lake la mwisho: mjomba mtu aje kwa miguu yake kabla ya Kwaresima, la sivyo binti anarudi nyumbani, maana kuna karani wa kiwandani anayengoja jibu na ana adabu zake. Kwaresima ilikuwa imebakiza wiki tatu.

"Kwa hiyo umenileta nikalalie malalo ya mwenzangu," Yuliana alisema polepole, "halafu unaniambia nikiwa nimeshavuka mto."

"Ningekuambia mjini usingekuja."

"Ningekuja! Ningelia, ningekutukana, halafu ningekuja. Sasa hata mimi sijui kama nimekuja kwa mapenzi au nimetegwa kama kware."

"Nitazame, Yuli."

"Sikutazami."

"Nitazame, nakuomba."

Hakupata nafasi ya kumtazama. Kutoka juu, ndani ya ukungu, ilisikika sauti ya kizee, ndefu, ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mabonde.

"Martinaaaa!"

Na kutoka ng'ambo, upande usio na hata paa moja, sauti nyembamba ikajibu: "Abeee!"

Nywele zilimsimama Yuliana. "Nani yule?"

"Ni Bibi. Huita kila siku saa hizi."

"Nakuuliza anayeitika."

"Mwangwi huo."

"Mwangwi hurudisha jina, Laurenti. Hausemi abee."

Laurenti alisimama, na viatu vikawa vinagongana mkononi mwake kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka. Mtaniuliza, mtoto wa watu aliona yote hayo, kwa nini asigeuze? Ni vile viatu, jamani. Mwanamume aliyebeba robota la kabichi begani bila kuhema, leo alishindwa kutuliza jozi ya viatu. Yuliana aliona kwamba akimwacha pale atakuwa amemwacha peke yake na lile dimbwi, na hilo moyo wake ulilikataa.

"Twende," alisema. "Lakini bado nimekasirika, ujue."

Mama Laurenti aliwapokea uani. Alikuwa mama mnene mwenye uso wa upole, na alimshika Yuliana mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole na mlima." Kisha, badala ya kumwachia, akamvuta karibu na kumnong'oneza. "Akikupa kitu, pokea. Akikuita jina lolote, itika. Ni mzee yule. Kuitika hakukupunguzii kitu."

Mjomba Dominiko alikuwa ameketi mlangoni, kofia yake gotini, mwanamume mkavu asiye na maneno. Yuliana alipomwamkia alijibu huku anatazama miguu yake yenye tope, kisha akasogeza magoti kumpisha.

Ndani kulikuwa na giza la moshi. Bibi Veronika alikaa kwenye kigoda karibu na meko, mdogo, mkongwe, macho yake yamefunikwa na utando mweupe. Yuliana alipiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Umekaa sana mtoni," Bibi alijibu.

Hakuna aliyecheka wala kumsahihisha. Mama Laurenti akaharakisha kupakua chakula, ugali na kisamvu cha karanga. Yuliana alihesabu sahani bila kukusudia, kama fundi anavyohesabu vifungo. Watu walikuwa watano, na sahani sita. Ya sita iliwekwa karibu na mlango wa nyuma, mahali pasipo na mtu, mvuke unapanda. Walikula kimya kimya. Katika ukimya ule kulikuwa na mlio mdogo uliokuwa ukirudia, tsss, halafu kimya, halafu tsss. Yuliana akainua macho.

Juu ya meko, pale watu wanapotundika mahindi ya mbegu yakauke, ulining'inia mkeka uliokunjwa. Moto uliwaka chini yake kutwa nzima, kutwa zote za miaka mitatu. Na bado tone la maji lilijikusanya kwenye ncha yake, likarefuka, likadondoka kwenye makaa.

"Laurenti," Bibi alisema baada ya kunawa. "Ushushe."

Laurenti aliushusha kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni. Ulikuwa mkeka mzuri ajabu, zambarau na kijani, kazi ya mkono usiokosea. Kwenye pindo tu ndiko rangi ilikuwa nyeusi zaidi, na huko ndiko maji yalikotoka.

"Nilikusukia mwenyewe," Bibi alimwambia Yuliana. "Mwali haondoki kwetu mikono mitupu. Pokea."

Shangazi yake wa Mafiga alikuwa amemfundisha: zawadi ya ukweni unaipokea kwa mikono miwili, umepiga magoti, macho chini, na usitamke neno "lakini" mpaka uwe umefika kwako. Yuliana akafanya vilevile. "Asante sana, Bibi. Mungu akuzidishie." Mkeka ulimlemea kama blanketi lililotolewa kwenye karai la kufulia. Maji yakamlowesha gauni mpaka mapajani, na harufu ikampanda puani, harufu ya matope na majani yaliyooza, harufu ya lile dimbwi. Alijizuia asiutupe. Mama Laurenti alishusha pumzi. Mjomba aliokota kofia yake. Kila mtu aliona mambo yamekwisha.

"Sasa utandike," Bibi akasema. "Ulale nikuone."

"Mama," Mama Laurenti alijaribu, "mgeni amechoka, tumwache kwanza..."

"Mgeni? Mgeni yupi?"

Hapo Laurenti aliinuka. Alikuwa amekunja ngumi, na macho yake yalikuwa kwa Yuliana peke yake, macho yale yaliyokuwa yakimtazama njia nzima. "Usilale, Yuli. Basi. Inuka tuondoke. Nimekosa kukuleta."

"Ukitoka na huyo," Mjomba Dominiko alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "usinitafute. Na Turiani siendi. Mama yangu amebakiwa na kitu kimoja tu hapa duniani, hamtamnyang'anya mbele yangu."

"Sitakutafuta, Mjomba. Nitakwenda mwenyewe."

"Na mzee wa watu atakufukuza kama kibaka, na utakuwa umestahili."

Yuliana aliwatazama. Alimtazama mpenzi wake aliye tayari kupoteza ukoo mzima kwa ajili yake, na zile hasira za mtoni zikamwishia zote, zikabaki huba tupu na hofu. Alijua kwamba wakitoka hivi, baba yake hatamkubali Laurenti. Alijua pia kwamba akilala pale na kuitika, ataolewa, naam, lakini atakayeolewa hatakuwa Yuliana.

Akakumbuka kibanda chake sokoni. Hakuna wiki iliyopita bila mwanamke kumletea nguo aliyopewa na wifi au mama mkwe, nguo isiyomfaa hata kidogo, na mwenye kuitoa amesimama palepale kungoja sifa. Fundi mjinga husema haikupendezi, akaanzisha ugomvi wa familia. Yuliana hasemi. Humvika mteja ile nguo mbele ya kioo, akashukuru kwa niaba yake, akanyamaza. Kioo ndicho husema, na kioo hakuna wa kugombana nacho.

"Kaa, Laurenti," alisema. "Nimepewa zawadi. Acha niijaribu."

Akautandika mkeka kwenye sakafu ya udongo, akalala chali.

Baridi ilimwingia mgongoni ikaenea mpaka kifuani. Ukungu ulikuwa umeingia mlangoni, ukawafuta wengine wote, ikawa yeye na Bibi tu. Mikono ya kizee ilimpapasa uso, ikapita kwenye nyusi, ikapita kwenye nywele.

"Martina," Bibi aliita.

Moto ukalia tsss. Hakuna kilichodondoka sasa, ulilia tu.

"Martina. Mbona huitiki?"

"Itika, mwanangu," Mama Laurenti alinong'ona gizani, anakaribia kulia. "Mara moja tu."

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo Yuliana alipoogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Kwa sababu alihisi mdomo wake unafunguka. Neno lilikuwa tayari juu ya ulimi, jembamba, limekamilika, abee, na si yeye aliyeliweka. Aliuma ulimi mpaka akaonja chumvi ya damu. Akavuta pumzi.

"Bibi, mkeka ni mzuri," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Sijawahi kupewa kitu kilichosukwa kwa mapenzi kama haya. Naomba unishike miguu."

"Miguu?"

"Miguu yangu, Bibi. Ishike uone imefika wapi."

Mikono ikateremka. Ilipita begani, ikapita nyongani, ikafika magotini, ikateleza kwenye muundi. Ikakuta pindo la mkeka. Miguu ilikuwa bado inaendelea. Vidole vya Bibi vikasimama, vikarudi kwenye pindo, vikapima kutoka pale mpaka kwenye nyayo zilizokuwa juu ya udongo mtupu: shubiri moja, na vidole vinne juu yake.

"Imezidi," Bibi alisema.

"Imezidi, Bibi."

"Martina nilimpima mwenyewe. Alisimama pale mlangoni, anacheka, nikamwambia tulia. Mimi sikosei kipimo."

"Hukukosea, Bibi. Kipimo ni sawasawa kabisa." Yuliana aliishika ile mikono, yote miwili. "Mwenyewe ndiye hayupo."

Bibi aliyarudia yale maneno kwa pumzi, mwenyewe hayupo, mwenyewe hayupo, kama mtu anayejaribu kumeza kidonge kikubwa. Kisha akainua uso kuelekea mlangoni, akaita kwa nguvu zote za kifua chake kidogo, "Martinaaaa!" na wote waliokuwemo mle ndani wakageuza masikio kwenye bonde.

Bonde halikuitika.

Ndipo Bibi Veronika alipolia. Ulikuwa ukelele wa msiba, ule unaoanza juu na kuvunjika katikati, na ulikuwa umengoja miaka mitatu. Mama Laurenti akaupokea. Mjomba Dominiko, yule mwanamume mkavu, akafunika uso kwa kofia na kulia kwa sauti ya mtoto aliyepigwa. Yuliana aliinuka kutoka mkekani, akamkumbatia Bibi akajikuta analia naye, analia mtu ambaye hakuwahi hata kumwona.

Mlimani sauti haifichiki. Haikupita nusu saa wanawake wakaanza kujitokeza kwenye ukungu, kuni kichwani, ndoo za maji mikononi, mashuka yamefungwa viunoni. "Nani?" waliuliza wakifika uani. "Martina," waliambiwa. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa wala kuuliza Martina gani. Walitua mizigo yao, wakakaa chini, wakalia kana kwamba amekufa leo.

Yuliana alimkuta Laurenti nyuma ya nyumba, amechuchumaa kwenye ukingo wa shamba la njegere, mabega yanamtikisika. Hakumgusa. Alikaa chini kando yake.

"Nilimpenda, Yuli," Laurenti alisema.

"Najua."

"Sikukudanganya. Wewe nakupenda mpaka naogopa. Lakini na yeye nilimpenda."

"Najua, Laurenti."

"Kila nikivuka lile gogo nasema nikimlilia nitakuwa nimemuua mimi. Nikawa naye huku, nawe huku. Nikakuletea wewe mzigo wangu uubebe."

"Umeniletea, ndiyo. Na siku moja tutagombana juu ya hilo, usidhani nimesahau." Alijifuta macho kwa upindo wa gauni lililoloa. "Leo lia. Mimi siendi popote."

Alimngoja mpaka akanyamaza. Halafu akafunga kanga aliyoazimwa na mwanamke mmoja asiyemjua, akaingia jiko la uani, akashika mwiko. Mama Laurenti alimtazama vile alivyousonga ugali wa watu arobaini kwenye sufuria la kuazima, akasema tu, "Ongeza moto upande huu, mkwe," na wakaendelea na kazi.

Kesho yake mchana, baada ya katekista kusoma sala, walimzika Martina. Kwa kuwa mwili haukuwepo walikata shina la mgomba, wanaume wakalipima kwa uzi wa ukindu kulingana na mkeka, wakaliviringisha ndani yake. Waliomba sindano. Yuliana ndiye fundi, wakampa yeye, na ni mikono yake iliyoshona upindo wa mwisho, kwa mishono ya karibu karibu, maji yakimtiririka vidoleni. Mjomba Dominiko alitupa udongo wa kwanza. Alipopita mbele ya Yuliana alisimama, akatafuta neno, akalikosa, akamwinamia kichwa.

Waliporudi nyumbani jua lilikuwa limejitokeza kidogo. Wanawake walikuwa wakiosha vyombo uani, Bibi amekaa kwenye kigoda chake nje, mlangoni, macho yake meupe yameelekea popote.

"Yule mrefu yuko wapi?" aliuliza ghafla.

"Nipo, Bibi."

"Njoo hapa. Simama wima."

Yuliana akasogea. Ndipo alipoona kilichokuwa mkononi mwa kizee: uzi mbichi wa ukindu, wa kijani, umekatwa siku ileile. Mchana uleule alikuwa ameona uzi kama ule ukinyooshwa juu ya shina la mgomba. Bibi aliinuka, akauweka mwanzo wa uzi utosini pa Yuliana, akaushusha taratibu mgongoni, kiunoni, mpaka kisiginoni. Mikono ya baridi. Wanawake waliacha kuosha vyombo. Yuliana aliapa moyoni kwamba akifika Mafiga atanunua kitanda cha chuma na godoro, na kwamba mkeka hautaingia chumbani kwake mpaka anazeeka.

Akasimama wima, hakujikunja. "Asante, Bibi," alisema.

"Usinishukuru, sijaanza. Kijana yuko wapi?"

Laurenti akaja kutoka nyuma ya nyumba, jembe begani, udongo wa kaburi miguuni.

"Tua hilo jembe. Simama hapo ubavuni mwake."

"Bibi, watu wa msiba wanatazama."

"Watazame. Sogea."

Akasogea.

"Sogea tena, unanimalizia ukindu."

Laurenti akasogea mpaka bega lake likagusa la Yuliana, mbele ya mama yake, mbele ya wanawake wote wa mlimani, na Yuliana akahisi joto la mkono wake kupitia kitambaa. Bibi akaushika uzi kwenye ncha ya bega la msichana, akaunyoosha vifuani pao wote wawili mpaka ncha ya bega la kijana. Akaukata kwa meno. Akapiga fundo, akalipapasa kuhakikisha.

"Dominiko," aliita.

"Naam, mama," Mjomba aliitika kutoka ndani.

"Turiani ni mbali?"

"Ni mbali, mama."

"Basi matanga yakiisha, uondoke mapema."